Bushi za Subaru: nilichojifunza nikizibadilisha mwenyewe uani

Watu wengi wenye Subaru hapa Dar wanalia na bushi. Unafunga mpya, baada ya miezi michache gari imeanza tena ngo ngo ngo kila ukishuka kwenye tuta, unarudi kwa fundi anakwambia "bosi bushi za siku hizi feki tupu", unanunua zingine, mambo yanaanza upya. Mimi nilikaa kwenye mzunguko huo muda mrefu na Impreza WRX yangu, toleo la GDA, ile ya taa za duara, mpaka nikawa naamini Kariakoo nzima hamna bushi ya maana. Feki zipo, sibishi. Ila tangu nizibadilishe mwenyewe uani kwangu Kigamboni nina uhakika kwamba bushi nyingi zinazosingiziwa ufeki zimeuawa na spana siku ile ile zilipofungwa, na nataka nieleze vizuri maana mtu akishalielewa hili ataokoa hela nyingi sana.

Kwa asiyeijua, bushi ni bomba la chuma la nje, bomba la chuma la ndani lenye tundu la kupitisha bolti, katikati yake raba. Na ile raba haijachomekwa tu, imegandishwa kiwandani kwa joto ikashikana na mabomba yote mawili. Mara nyingi bomba la nje linabana kwenye mkono wa gari, la ndani linabanwa na bolti kwenye bodi, kwaiyo tairi ikipanda na kushuka hakuna chuma kinachozunguka juu ya chuma, ni raba peke yake inajinyonga kidogo inarudi, inajinyonga inarudi, maisha yake yote. Kwenye GDA kila upande wa mbele kuna mkono mmoja wa chini, mafundi wanauita loa amu, una bushi mbili, ya mbele ndogo na ya nyuma kubwa inayokuja na nyumba yake ya chuma. Nyuma ya gari ndo ziko nyingi, kila tairi ina mikono miwili ya pembeni na mmoja mrefu unaoenda mbele, na kila ncha ya mkono ina bushi. Gari ina kilo karibu 1,400 na injini ya turbo ya lita 2 inayosukuma tairi zote nne, alafu barabara ni hizi zetu, kwaiyo zile raba kazi wanayoifanya sio ndogo.

Dalili zilianza kwenye breki. Nikikanyaga kwa nguvu nikiwa 80 hivi pua inavuta kushoto, nikiachia inarudi, yaani unahisi gari inajichagulia njia. Baadae tairi za mbele zikaanza kuliwa upande wa ndani, na kelele juu. Gereji nilipokuwa napeleka walibadilisha linki za stabilaiza, wakaja boljointi, kile kiungo cha mkono na habu ya tairi, wakasema shokapu nazo zimechoka, na kila kitu kikibadilishwa kelele ipo pale pale. Siku moja nikaamua nitoe tairi mwenyewe niangalie. Niliweka mtaimbo kati ya mkono na bodi nikasukuma taratibu huku namulika na tochi ya simu, na nikaiona. Ile bushi kubwa ya nyuma raba ilikuwa imeachana na chuma karibu nusu ya mzunguko wake, nikisukuma mtaimbo ufa unafunguka unaona mwanga upande wa pili, nikiachia unafunga. Pembeni kulikuwa na unga mweusi wa raba iliyosagika umechanganyika na kutu. Na hizo bushi zilikuwa bado changa kabisa, risiti yake ninayo kwenye droo.

Kilichonishtua zaidi ni upande wa pili. Nilipoenda kuangalia kulia nikakuta imepasuka vile vile, na ufa upo sehemu ile ile, juu kidogo upande wa nje, pande zote mbili. Sasa nikajiuliza kama ni ufeki mbona zimekufa kwa mpangilio? Raba mbovu si ingepasuka popote inapotaka?

Mtaani kwetu kuna mzee mmoja fundi wa malori, kastaafu ila watu bado wanamfata kwa ushauri, nikamwendea na ile bushi mkononi. Akaiangalia, akaigeuza, akauliza swali moja tu.

"Wakati wanakaza hizi bolti gari ilikuwa juu au chini?"

"Ilikuwa juu mzee, kwenye jeki, tairi zinaning'inia."

"Basi mwanangu, ilifia pale pale."

Akanieleza na baadae nikasoma kwenye manyuali, kitabu cha ufundi cha gari, nikakuta ndo kilivyoandikwa. Gari ikiwa juu tairi zinaning'inia, mkono unakuwa umeinama kwenda chini. Ukikaza bolti katika hali hiyo unalifunga bomba la ndani lisimame na mkono ulioinama, yaani raba inajua hapo ndo nyumbani. Ukishusha gari mkono unapanda, bomba la ndani limebanwa haliwezi kugeuka, la nje linageuka na mkono, kwaiyo raba inakaa imenyongwa kama nguo unayoikamua, gari hata haijatoka getini. Imepaki usiku mzima raba imenyongwa. Ukipita shimo inanyongwa zaidi kutokea pale ilipokwisha nyongwa, na siku moja inaachia upande ule unaovutwa sana. Ndo maana zilipasuka sehemu moja pande zote mbili. Ikikazwa gari ikiwa imesimama kwa tairi zake raba inapumzika gari ikiwa imetulia, ikipita tuta inajinyonga kidogo kwenda juu, kidogo kwenda chini, inarudi. Tofauti ni hiyo tu, bushi ile ile, bolti ile ile, na moja inakaa miaka, nyingine haimalizi masika.

Basi nikaamua kuifanya kazi nyumbani, sio kwa sababu mafundi hawajui, wapo wanaojua sana, ila kazi ya dakika za mwisho ndo inayoharakishwa gereji. Kuna gari nyingine inasubiri nafasi, jeki inahitajika, kijana anakaza kila kitu gari ikiwa hewani ndo anashusha. Nyumbani hakuna anayekusukuma.

Bushi nilinunua Kariakoo, Gerezani, nikienda na ya zamani mkononi. Ushauri wangu usiende na jina la gari peke yake maana muuzaji atakwambia "kaka hii inaingia zote", nenda na kitu chenyewe na vania upime kipenyo cha nje na urefu. Angalia bomba la ndani liwe refu kidogo kuliko la nje, maana lenyewe ndo linalobanwa. Angalia pale raba inapokutana na chuma, isiwe na uwazi wala isiwe inachubuka ukiikwaruza na kucha. Bonyeza kwa kidole gumba, ikiwa laini kama haina nguvu achana nayo, ikiwa ngumu kavu pia achana nayo, hiyo imekaa dukani mno. Wapo watakaokuuzia mkono mzima mtumba kutoka Japani na bushi zake, bei inavutia, ila piga hesabu, GDA zilitengenezwa kati ya 2000 na 2007, ile raba kama ni ya gari yenyewe ina umri wa mtu mzima. Mkono wa mtumba ni mzuri kama wako umepinda. Bushi za mtumba hapana.

Wengi wenye hizi gari wanakimbilia bushi za plastiki ngumu, poliyurethani, zile za rangi rangi, Whiteline na SuperPro za Australia, Powerflex ya Uingereza. Ni vitu vizuri na hata tatizo la kukaza gari ikiwa juu kwao halipo, maana nyingi bomba la ndani linazunguka lenyewe ndani ya plastiki, halijagandishwa. Ila linahitaji grisi ya silikoni, na ikikauka au vumbi ikiingia gari inaanza kulia kwiikwii kila tuta, na kila mtikisiko wa barabara unaupata mgongoni. Gari ya kushindana au ya mtu anayekaa lami tupu, sawa. Mimi kwangu kuna kipande cha vumbi kabla sijafika lami na gari napandia familia, nikachagua raba ya kawaida na sijajuta hata kidogo.

Sehemu ya kufanyia kazi ndo jambo la kwanza kulifikiria, na kwa sisi tunaoishi kwenye mchanga ni kubwa kuliko bushi zenyewe. Stendi ya jeki kwenye mchanga inazama taratibu huoni, na inazama upande mmoja. Nilitandika mbao nene chini, nikapigilia juu yake plaiwudi, ndo nikaweka stendi, alafu tairi nililotoa nikalilaza chini ya kizingiti cha bodi pembeni ya stendi, ili lolote likitokea gari iangukie tairi isiniangukie mimi. Tairi za nyuma nikaziwekea kigingi mbele na nyuma. Nikaisukuma gari kwa bega kwa nguvu kabla sijaingia chini, kama inacheza bora icheze nikiwa nje. Kuingia chini ya gari inayoshikwa na jeki peke yake, usifanye, hata kama ni kuokota spana iliyodondoka.

Kabla sijafungua bolti hata moja nilipima urefu kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa fenda gari ikiwa chini, mbele ilikuwa sentimita 38 hivi, nikaandika kwenye gundi ya karatasi nikabandika pale pale kwenye fenda kila kona. Hicho kipimo kinakusaidia kujua gari yako ikisimama inasimama wapi. Alafu bolti zote nilizimwagia dawa ya kutu jioni, nikarudia asubuhi. Mtu wa Kigamboni hewa ya chumvi inamla kila kitu, usitegemee bolti itoke kwa ukarimu.

Mbele ilienda vizuri. Unatoa linki ya stabilaiza, unatoa ile bolti ndogo inayobana boljointi kwenye habu, hii usiipige nyundo wala usiilazimishe, unaifungua robo unairudisha, unaongeza dawa, unafungua tena, maana ikikatikia mle ndani ni kazi ya kutoboa. Ikitoka unafungua mdomo wa habu kidogo na patasi boljointi inashuka. Bolti ya bushi ya mbele ikafuata, mwisho zile mbili kubwa za nyumba ya bushi ya nyuma, hizo nilitia bomba refu kwenye spana na mdogo wangu akashika upande wa pili. Mkono ukatoka mzima.

Bushi ya nyuma kwenye hii gari haihitaji presi, ile mashine ya kukandamiza, unafungua nati unachomoa na nyumba yake unavalisha nyingine. Ya mbele ndo inahitaji, na hapo nilibeba mikono yote miwili kwenye kiroba mpaka karakana moja yenye presi. Kijana wa presi akaichukua akataka kuichoma.

"Bro ngoja nipige gesi kidogo raba iungue, inatoka yenyewe."

"Hapana kaka, usichome, wewe bonyeza tu, nimekuja na bomba lake."

Kuchoma raba kunatoa moshi mbaya sana kwa anayeuvuta, na bado lile bomba la nje linabaki mle mle, kwaiyo hujamaliza kitu. Nilikuwa nimekata kipande cha bomba kipana kuliko bushi, linakaa chini ya tundu la mkono ili bushi ishukie mle, maana mkono wa gari yangu ni wa bati la chuma lililokunjwa, ukiubana hewani bila kuushikilia kuzunguka tundu unapinda. Kabla hajabonyeza nilipima bushi ya zamani imetokeza kiasi gani kila upande, na mpya nikataka ikae vile vile. Tundu tukalisugua na msasa mpaka likang'aa, tukapaka maji ya sabuni, na juu ya bushi tukaweka chuma kinachokanyaga bomba la nje tu. Ukikandamiza katikati unasukuma raba, unaichana kabla haijaanza kazi. Yule kijana alifanya kazi safi kweli, alikuwa anasimama kila ikizama kidogo anaangalia kama inaingia wima, na mpya ilivyokaa akapitisha kidole kuzunguka ukingo akasema "imelala vizuri hii". Asiyekuwa na presi karibu anaweza kukata lile bomba la nje kwa msumeno wa chuma kwa ndani kwa urefu mpaka lilegee, ila awe mvumilivu asikate mkono wenyewe.

Kurudisha ni kinyume chake, isipokuwa nilichoeleza pale juu. Bolti na nati zote za bushi nilizivalisha nikazizungusha mpaka zikagusa, nikaziacha hapo. Nikafunga tairi. Alafu nikashusha gari juu ya mbao, mbao za mbili kwa sita nilizozikata nikazipigilia kwa tabaka za kupishana, moja kila tairi, zote nne ili gari ilale sawa, gia imeingia, breki ya mkono juu, vigingi pande zote. Hapo gari imesimama kwa tairi zake lakini mkono unaingia chini. Nikaibonyeza mbele na nyuma mara kadhaa springi zikae, nikapima fenda, ikasoma karibu kile kile kilichoandikwa kwenye gundi, ndo nikajilaza na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kila bolti ina kipimo chake kwenye manyuali na hazifanani, zile mbili kubwa za nyuma zinataka nguvu zaidi ya mara mbili ya ile ya mbele, kwaiyo mambo ya kukaza kwa kuhisi mkono hapa hayafai. Spana ya toki kama huna azima, kila mtaa wenye gereji hakosi mwenye nayo.

Nyuma nitasema kifupi isipokuwa kitu kimoja kwa sababu kimewatoa watu wengi machozi. Ile mikono miwili ya pembeni inashikwa kwenye habu na bolti moja ndefu inayopita mkono wa kwanza, inapita habu, inatokea mkono wa pili. Hiyo bolti inaganda na kutu ndani ya mabomba ya bushi, unazungusha nati inatoka vizuri unafurahi, bolti yenyewe unaizungusha inazunguka na bushi nzima, haichomoki. Ukiipiga nyundo unaharibu nyuzi na beringi ya habu inapata kipigo bure. Ukiipiga gesi, beringi iko hapo na mpira wa breki uko hapo. Upande mmoja wa gari yangu ilitoka kwa dawa na uvumilivu, upande wa pili nilipitisha grainda kati ya habu na mkono nikaikata pande zote mbili, kwa sababu bushi zilikuwa zinaenda kutupwa na bolti mpya nilishanunua mapema. Nunua hizo bolti ndefu kabla hujafungua gari, zote mbili. Ukikata huna bolti, gari inalala uani. Na mpya ukiiweka ipake grisi ile sehemu laini ya katikati isije ikaganda tena. Kitu kingine, bolti ya ndani ya mkono mmoja ina kisahani cha kurekebisha uelekeo wa tairi, piga mstari wa rangi kabla hujaifungua uirudishe palepale, angalau ufike kwenye alaimenti gari ikiwa inaendeshika.

Alaimenti ni lazima. Nilivuka daraja la Nyerere taratibu, nikaendesha siku mbili tatu ili kila kitu kikae, ndo nikapeleka. Kijana wa mashine akaniambia nyuma kulia ilikuwa imetoka nje sana, akairudisha. Breki sasa hivi nakanyaga nimeachia stelingi kidogo, gari inasimama imenyooka. Ile kelele hamna, na kwenye rasta za barabarani nasikia tairi tu. Masika imepita, mashimo yamepitwa, nimeingiza tena mtaimbo na tochi, raba ni nzima pande zote, hamna hata alama.

Na kama wewe umeshafungiwa bushi gari ikiwa juu, usikimbilie kununua zingine. Zikiwa bado hazijachanika zinaokoleka. Jamaa yangu mwenye Altezza alikuwa ametoka gereji wiki hiyo hiyo na bushi mpya mbele, nikamwambia leta. Tukaipandisha kwenye zile mbao zangu, imesimama kwa tairi zake, tukalegeza bolti za bushi moja moja, na ya kwanza ilivyolegea tukasikia tak, bomba la ndani limegeuka lenyewe, raba imejifungua. Pua ya gari ikashuka kidogo, maana raba zilizonyongwa zilikuwa zinainyanyua. Tukaibonyeza bonyeza, tukakaza kwa kipimo cha manyuali ya Toyota, nikamwambia aende akapime alaimenti upya kwa sababu ile aliyofanyiwa mwanzo ilipimwa gari ikiwa juu kuliko inavyotakiwa. Hela aliyotumia ni ya alaimenti peke yake.